Akaunti inapogoma ukiwa ng'ambo: dalili, vyanzo na tiba kwa wasafiri wa Mbeya na jirani zake

Anayetoka Mbeya kwenda nje ya nchi si lazima apande ndege. Asubuhi anakamata gari la Tunduma, mchana yuko Nakonde upande wa Zambia akijadiliana bei. Mwingine anateremka Kyela, anavuka Kasumulu na kulala Karonga. Wapo pia wa mbali: mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayefuata mzigo Guangzhou, mgonjwa anayepelekwa India, kijana wa Iringa aliyepata nafasi ya kusoma Uingereza. Wote hao wana simu iliyounganishwa na hifadhi ya mtandaoni, na humo kuna picha za familia, nakala ya pasipoti, vyeti vya shule, barua za benki na mazungumzo ya miaka.

La kwanza kulielewa ni kwamba data hizo hazisafiri nawe. Ziko kwenye kompyuta za kampuni, na zinabaki huko huko uwe Uyole au Lusaka. Kinachovuka mpaka ni funguo zake: simu yenyewe, laini inayopokea namba za uthibitisho, nenosiri ulilolikariri, na kila kifaa ulichowahi kukiacha wazi. Kwa hiyo tatizo likitokea, kabla hujabonyeza chochote, jiulize ni lipi kati ya haya matatu: ufunguo umepotea, njia imezibwa, au kuna mtu mwingine mwenye ufunguo kama wako. Tiba zake hazifanani kabisa. Mtu ambaye njia tu ndiyo iliyozibwa akianza kubadilisha nenosiri mara tatu nne kwa hofu, mfumo unamshuku yeye mwenyewe na kumfungia nje, na hapo tatizo la nusu saa linageuka la wiki nzima.

"Nenosiri ni sahihi, inataka namba, na namba haiji"

Hili ndilo linalowapata wengi. Umeingia akaunti kwenye simu mpya au kompyuta ya hotelini, umeandika nenosiri lako vizuri, halafu unaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwa meseji kwenye namba inayoanza na +255. Unasubiri, haiji.

Angalia kwanza laini yako ya Tanzania iko wapi. Mara nyingi msafiri akifika Nakonde au Lilongwe hununua laini ya huko, anaitoa ya nyumbani na kuitia kwenye pochi. Namba haiwezi kuja kwenye kipande cha plastiki. Kama simu yako ina nafasi mbili, acha laini ya nyumbani ibaki ndani, uizimie data, na laini ya ugenini ndiyo ibebe intaneti. Meseji zitaendelea kuingia.

Kama laini imo ndani na bado hakuna kitu, tatizo ni rominga, yaani huduma ya kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa nchi nyingine. Baadhi ya laini hazikamati mtandao nje ya nchi mpaka huduma hiyo iwashwe, na kuiwasha ni rahisi ukiwa bado Mbeya, mbele ya mtoa huduma, kuliko ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji. Hakikisha pia kuna salio la kawaida, si bando tu, maana bando la nyumbani kwa kawaida haliendi ng'ambo.

Chanzo cha tatu ndicho kigumu: laini imepotea au imeharibika. Kwetu laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kurudishiwa laini kunakutaka wewe mwenyewe, kidole chako na kitambulisho. Huwezi kumtuma mdogo wako akakurudishie ukiwa Chennai. Kwa hiyo kama laini hiyo ndiyo ufunguo pekee wa akaunti yako, umefungiwa nje mpaka urudi.

Ndiyo maana tiba ya kweli hufanyika nyumbani, wiki moja au zaidi kabla ya safari. Google hukupa namba za akiba kumi, kila moja ina tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Zinapatikana kwenye sehemu ya usalama ya akaunti, palipoandikwa uthibitishaji wa hatua mbili. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi. Usizipige picha, kwa sababu picha hiyo itapanda kwenye akaunti ile ile uliyofungiwa. Karatasi ikae mbali na simu: simu mfukoni, karatasi kwenye begi la nguo. Nakala nyingine mwachie mtu mmoja unayemwamini nyumbani.

Kuna desturi ninayotaka niizungumzie kwa sababu imewaumiza watu. Wengi huacha laini yao Mbeya, kwa mke, kaka au shemeji, ili miamala ya simu iendelee. Namba ikihitajika wanampigia na kusomewa. Inafanya kazi, lakini matapeli wanaijua desturi hiyo vizuri. Tapeli akishapata picha yako na kujua umesafiri, humwandikia shemeji yako kwa namba ya kigeni: "Shemeji nimefika salama, hii ndiyo laini yangu ya huku. Kuna namba sita zimeingia hapo, nisomee haraka nina foleni." Shemeji kwa upendo wake anasoma, na akaunti imekwenda. Kubalianeni kabla ya safari kwamba namba haisomwi kwa maandishi hata siku moja. Inasomwa kwa kupigiana na kusikia sauti, na kabla yake anauliza jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua.

"Natumia programu ya kutoa namba, lakini zinakataliwa zote"

Hawa ni wale walioacha meseji na kutumia programu kama Google Authenticator, na wamefanya vizuri. Ila mpaka wa Tunduma una mtego wake.

Tanzania na Zambia hatuko saa moja. Tunduma ikiwa saa nne asubuhi, Nakonde, hatua chache mbele, ni saa tatu. Malawi nayo iko kama Zambia. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe zikikamata mnara wa huko, lakini isipojibadilisha, msafiri huingia kwenye mipangilio na kurudisha saa nyuma kwa mkono. Kwa macho, saa sasa ni sahihi. Kwa simu, hapana: simu bado inaamini iko Tanzania, ila iko nyuma ya dunia nzima kwa dakika 60. Zile tarakimu sita hukokotolewa kwa kuchanganya siri iliyohifadhiwa ndani ya programu na saa ya simu, na hubadilika kila baada ya sekunde 30. Saa ikikosewa kwa dakika 60, kila tarakimu unayoisoma ilishapitwa zamani.

Tiba: rudi kwenye tarehe na saa, washa chaguo la kujiweka yenyewe. Kama hakuna mtandao, rudisha kwanza saa uliyoisogeza kwa mkono iwe kama ilivyokuwa. Badilisha eneo la saa, uchague Lusaka au Blantyre, halafu jaribu tena. Namba itakubali papo hapo. Usifute programu hiyo na kuipakua upya ukidhani imeharibika, kwa sababu kama siri zake hazikuwa na nakala popote, umezifuta na funguo zako.

Na hapo hapo Tunduma, jambo dogo: simu inaweza kudaka mnara wa Zambia hata ukiwa hujavuka. Kama data ya rominga iko wazi na picha zinapanda zenyewe, salio linaisha bila kuona limekwenda wapi. Zima data ya rominga mapema, na uweke picha zipande kwa Wi-Fi pekee.

"Nimeletewa tahadhari kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti"

Hapa watu hukosea pande mbili. Wengine hupuuza tahadhari ya kweli, na wengine hushtushwa na kivuli chao.

Mahali panapoandikwa kwenye tahadhari hutokana na anwani ya mtandao, si mahali simu ilipolala. Ukiwa Soko Matola, tahadhari inaweza kusema Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko intaneti ya kampuni ya simu inakotokea. Ukiwa ng'ambo kwa rominga, mara nyingi mawasiliano yako hurudi kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, kwa hiyo uko Dubai na akaunti inasema uko Tanzania. Ukitumia VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mahali pengine, itasema uko nchi ambayo hujawahi kuikanyaga. Usiamue kwa jina la mji. Linganisha saa ya tukio na ulichokuwa ukifanya wakati huo, kisha angalia aina ya kifaa. Kama unatumia Tecno na kilichoingia ni kompyuta ya Windows usiku ukiwa umelala, basi kuna mtu.

Usifungue tahadhari kwa kubonyeza linki iliyomo ndani ya barua pepe au meseji. Matapeli hutengeneza tahadhari zinazofanana kabisa na za kweli. Ingia mwenyewe: mipangilio ya simu, Google, dhibiti akaunti, usalama, vifaa vyako. Kwa iPhone, gusa jina lako juu kabisa kwenye mipangilio na uteremke mpaka kwenye orodha ya vifaa. Kama tukio lilikuwa la kweli, litaonekana na huko.

Likiwa la kweli, fuata mpangilio huu. Kiondoe kile kifaa usichokijua. Badilisha nenosiri, liwe jipya kabisa. Kagua namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, kwa sababu mwizi mwenye akili huweka zake hapo. Halafu, na hili watu wengi hawalijui, fungua Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta na uangalie kama barua zako zinaelekezwa kwenda anwani nyingine. Ukibadilisha nenosiri tu, maelekezo hayo hayafutiki. Barua zako zitaendelea kumfikia mwizi kimya kimya. Angalia pia programu za nje ulizowahi kuziruhusu kuingia kwenye akaunti.

Wenye iPhone wajue kwamba tangu toleo la iOS 17.3 la Januari 2024 kuna kinga dhidi ya wizi. Ikiwa imewashwa na uko mbali na maeneo uliyoyazoea, kubadilisha nenosiri la akaunti ya Apple kunataka uso au kidole chako, usubiri saa nzima, kisha uthibitishe tena. Simu haijaharibika. Ndivyo ilivyokusudiwa, ili aliyekupora simu na kuijua pini yako asikufungie nje. Subiri.

"Kuna mtu ana picha au karatasi zangu, na sikumtumia"

Tatizo hili linatia uchungu kuliko yote, na mara nyingi sana chanzo chake kiko nyumbani, siku chache kabla ya safari, kwenye steshenari.

Fikiria safari inavyoandaliwa. Unahitaji kuchapa nakala ya pasipoti, barua ya mwaliko, tiketi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Vyote viko kwenye WhatsApp au barua pepe yako. Kijana wa steshenari anakwambia, "Mama, skani hapa." Unaelekeza simu kwenye skrini, mazungumzo yako yote yanafunguka kwenye kompyuta yake, anachapa kurasa nne, unalipa, unaondoka unawahi gari. Kompyuta ile imebaki imeunganishwa. WhatsApp huruhusu vifaa vinne zaidi ya simu, na vinafanya kazi hata simu yako ikiwa imezimwa. Siyo lazima kijana awe mwizi. Inatosha mteja wa saa hiyo hiyo akae kwenye kiti chako na kukuta majina ya watu wako yamejipanga upande wa kushoto wa skrini.

Fungua WhatsApp sasa hivi, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, na uondoe kila usichokitambua. Hutaharibu chochote. Barua pepe nayo: kama uliingia kwenye kompyuta ya watu, itaonekana kwenye ile orodha ya vifaa niliyoitaja, na unaweza kuitoa ukiwa popote duniani. Safari ijayo, peleka faili pekee. Flashi yenye kurasa nne za kuchapwa inatosha, au mtumie mhusika faili hizo kwa barua pepe bila kuingia kwenye akaunti yako mbele yake.

Chanzo cha pili ni linki zilizoachwa wazi. Familia yenye mgonjwa India hukusanya majibu ya vipimo kwenye folda moja ya Google Drive, wanaweka chaguo la mtu yeyote mwenye linki, wanairusha kwenye kundi la ukoo, la kanisa, la michango. Mgonjwa anapona, anarudi Tukuyu, na linki bado inafunguka kwa yeyote iliyomfikia. Weka majina ya barua pepe za wanaohusika tu, na matibabu yakiisha rudisha folda iwe ya faragha. Linki iliyokwisha kusambaa itakuwa haifungui kitu.

Cha tatu ni simu ya zamani. Uliuza au ulimpa mpwa wako bila kutoa akaunti, na kila picha unayopiga Lusaka inateremka kwake Makambako. Orodha ya vifaa itaionyesha.

Na kuna nakala ya WhatsApp yenyewe. Mazungumzo yanapopita njiani yamefungwa kwa siri, mtu wa kati asiyasome, lakini nakala inayokwenda kuhifadhiwa kwenye akaunti ya Google au ya Apple haifungwi namna hiyo mpaka wewe mwenyewe uwashe ufungaji wake, uliokuja mwaka 2021. Unaweka nenosiri la nakala au unapewa ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Nashauri kila msafiri auwashe, kwa tahadhari moja: ukipoteza simu na nenosiri hilo pia, WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

"Picha zimeacha kupanda, barua hazifunguki, lakini intaneti ipo"

Kama uko China, njia imezibwa. Huko Google na huduma zake, WhatsApp na Facebook hazipatikani kwenye mitandao ya kawaida, na Wi-Fi ya hoteli ya Guangzhou haitazifungua hata uombeje. Akaunti yako ni nzima. Kwa laini ya nyumbani yenye rominga kwa kawaida zinafunguka, kwa sababu mawasiliano hurudi nyumbani kwanza, ila gharama ni kubwa; tumia kwa barua muhimu, siyo kupandisha video. Ukitegemea Drive kwa ankara na picha za mzigo, zipakue ziwe ndani ya simu kabla ya kuondoka.

Wafanyabiashara wetu hupatwa na jingine huko. Wananunua simu mpya sokoni, wanataka kuhamishia akaunti, hawaioni Google popote. Simu zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la China huuzwa bila huduma hizo. Hapo hujitokeza mtu mwema anayesema, "Kaka, nipe barua pepe na nenosiri nikuwekee." Usimpe. Funga simu kwenye boksi, utaishughulikia nyumbani.

VPN? Inasaidia faragha, na baadhi ya kampuni huwadai wafanyakazi wao waitumie, lakini sheria za nchi zinatofautiana na ni wajibu wako kuzijua. China hairuhusu zisizoidhinishwa. Falme za Kiarabu zina adhabu kali kwa anayeitumia kutenda kosa. Hata hapa nyumbani, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Na VPN ya bure usiyemjua mmiliki wake ni kumpa mgeni nafasi ya kuona unakokwenda mtandaoni.

Kama hauko China, sababu huwa za kawaida: nafasi imejaa (Google hutoa GB 15 za bure kwa barua, picha na Drive kwa pamoja, iCloud, hifadhi ya Apple, hutoa GB 5), au umechagua Wi-Fi pekee na uko kwenye bando.

"Wi-Fi ya uwanja wa ndege inataka niingie kwa Gmail"

Ukurasa wa Wi-Fi una haki ya kukuuliza namba ya chumba, jina la ukoo au namba ya simu. Ukikuuliza nenosiri la barua pepe, funga. Na kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze kuendelea, hata kama unayoifungua ni tovuti ya benki.

"Ofisa wa mpakani ameiomba simu yangu"

Kwenye mipaka yetu ya jirani jambo hili si la kila siku, lakini anayekwenda mbali ajipange, na ajipange kabla ya kupanda ndege. Ukiwa umesimama mbele ya dirisha la ofisa si wakati wa kuanza kufuta vitu.

Tofautisha kilichomo ndani ya simu na kilicho kwenye hifadhi ya mtandaoni. Marekani, mwongozo wa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka wa Januari 2018 unawataka maofisa wakague kilichomo kwenye kifaa, simu ikiwa imekatwa mtandao, wasiingie kwenye hifadhi ya mbali. New Zealand nayo, kwa sheria iliyoanza Oktoba 2018, ukaguzi ni wa kifaa, ila anayekataa kutoa nenosiri bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000 za nchi hiyo. Uingereza, kukataa kutoa nenosiri ukihojiwa chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 ni kosa la jinai. Usimdanganye ofisa wa nchi yoyote, na usijifanye umesahau nenosiri. Njia salama ni kubeba kidogo.

Kubeba kidogo maana yake ni kutoka kwenye akaunti usizozihitaji njiani na kuondoa faili ulizoziweka zifunguke bila mtandao, kwa sababu hizo ziko ndani ya simu. Kisha zima simu kabisa kabla ya kufika. Simu iliyowashwa upya na isiyoandikwa pini bado imefungwa kwa nguvu zaidi kuliko iliyozimwa skrini tu, na kidole hakitaifungua.

Sasa mtego. Watu hufuta picha kwenye simu wakidhani za mtandaoni zitabaki. Kama kupanda kwa picha kumewashwa, ukifuta kwenye Google Photos umefuta na kule. Zinakaa kwenye tupio siku 60 kama zilikuwa zimepandishwa. Kwa iCloud ni siku 30. Safari ya masomo ya miezi mitatu inatosha kuzipoteza kabisa picha za mzazi aliyefariki. Tumia chaguo la kuachia nafasi kwenye simu, ambalo huondoa zilizokwisha kupanda bila kugusa zilizoko mtandaoni. Na ukishafuta kimakosa, ingia kwenye tupio leo, usingoje urudi.

Kuhusu viza: tangu 2019 fomu ya Marekani huuliza majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wanatakiwa kuacha kurasa zao wazi kwa umma. Jaza kweli tupu. Lakini fomu hiyo haiulizi nenosiri. Wakala yeyote, awe Mbeya mjini au Dar es Salaam, anayekudai nenosiri la barua pepe ili "akufuatilie viza" anataka akaunti yako. Mpe nakala alizohitaji na uishie hapo.

Kama simu yako imebeba taarifa za watu wengine, wajibu wako ni mkubwa zaidi. Nawafikiria katibu wa AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) ya kahawa Mbozi mwenye orodha ya wanachama na namba zao za NIDA, nesi mwenye picha za majeraha, wakili, mwandishi wa habari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawalinda watu hao wasiokuwa nawe safarini. Orodha ile ibaki ofisini. Kwa kundi hili hata simu ya pili, tupu, ni gharama inayostahili. Kwa msafiri wa kawaida wa Nakonde sioni haja.

"Nikikaa huko, data zangu zinahamia huko?"

Hapana, kwa kusafiri tu hazihami. Kwa baadhi ya kampuni, kinachoamua ni nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Mfano ulio wazi ni iCloud: tangu tarehe 28 Februari 2018, akaunti za Apple zilizosajiliwa China bara huendeshwa na kampuni ya huko ya mkoa wa Guizhou. Mtanzania anayepita Guangzhou na akaunti ya nyumbani hahusiki. Atahusika akibadilisha nchi ya akaunti kuwa China ili apate programu fulani, na watu hufanya hivyo bila kusoma wanachokubali. Ukikwama kwa programu, tafuta njia nyingine.

"Simu imeibwa, na niko ugenini"

Omba simu ya mwenzako na ufungue kivinjari kwa dirisha la faragha, lisihifadhi nenosiri lako. Mwenye iPhone aende icloud.com/find, ukurasa huo humruhusu kuiweka simu kwenye hali ya kupotea bila kuombwa namba ya uthibitisho. Mwenye Android, kama aliwasha kufunga kwa mbali, aende android.com/lock aandike namba yake ya simu. Kama hakuwasha, aingie kwa namba ya akiba kutoka ile karatasi ya kwenye begi na kuifunga kupitia akaunti. Ifunge kwanza. Kufuta vyote kutafuata ukiona haipatikani.

Kisha laini. Namba fupi ya huduma kwa wateja unayoipiga Mbeya haifanyi kazi Lusaka, kwa hiyo namba yao ndefu inayoanza na +255 iwe kwenye karatasi ile ile. Waambie waifunge laini, na pochi ya simu ifungwe pamoja nayo. Badilisha nenosiri la barua pepe, toka kwenye simu ya mwenzako, umshukuru.

Usikiondoe kifaa kilichopotea kwenye orodha ya akaunti yako ya Apple. Ukikiondoa, kufuli linalomzuia mwizi kuitumia linafunguka. Siku chache baadaye unaweza kupata meseji kwa Kiingereza kizuri, ikisema simu yako imepatikana na kukupa linki ya kuandika nenosiri ili uone iko wapi. Inatoka kwa aliye nayo. Usiijibu, na usiifungue.